Uuguzi au fiziotherapia? Mguu mmoja wa bibi umenichanganya

Wakala wa Tandika

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni dada wa miaka 26, niko Tandika, nina kimeza cha wakala wa pesa jirani na soko. Ukiona mwavuli wa njano uliochanika upande mmoja, ndipo hapo. Kidato cha nne nilimaliza 2016: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Kiingereza D, Hisabati tuiache ilale. Miaka yote hii nilijua mimi na shule tumeshaachana kwa amani. Sasa nimedunduliza milioni mbili na laki tatu, nataka kwenda kusoma diploma ya afya, na nimekwama: uuguzi au fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo?

Kwa nini hizi mbili tu? Niwape kisa, samahani kitakuwa kirefu.

Mwezi wa pili bibi yangu, ana miaka 74, aliteleza uani akitoka chooni. Mpangaji alikuwa ametoka kufua, akamwaga maji ya sabuni palepale. Nyonga ikavunjika. Akafanyiwa upasuaji, na mimi ndiye niliyekaa naye hospitali wiki tatu, kimeza kikashikwa na mdogo wangu.

Siku ya pili baada ya upasuaji akaja kijana mwembamba, fulana ya bluu ya kola. "Bibi shikamoo. Leo tunasimama." Bibi akampandisha na kumshusha kwa macho, akamuuliza, "Mwanangu, wewe daktari au polisi?"

Nilidhani atamkamata kwapani amnyanyue. Wala. Alivuta kiti akakaa, akanigeukia mimi: kutoka kitanda cha bibi nyumbani mpaka chooni ni hatua ngapi? Nikatembea kichwani mwangu, nikamwambia kumi na nne, na kuna kingazi kimoja cha kushukia uani. Akasema, "Basi kazi yetu ni hatua kumi na nne na kingazi." Siku ile bibi alisimama muda wa kuhesabu mpaka ishirini, analia huku anamtukana kwa Kindengereko, na kijana wa watu haelewi, anaitikia tu "ndiyo bibi, ndiyo bibi". Mpaka wiki ya tatu alizimaliza zile kumi na nne kwenye korido, na woka yake mbele. Akaambiwa akae. Akakataa, akaongeza ya kumi na tano.

Nikasema hii ndiyo kazi yangu, imekwisha.

Ila kuna usiku wa nne, ndio ulionivuruga. Saa tisa usiku nimelala kwenye khanga chini ya kitanda, nesi wa zamu anapita na tochi ya simu. Mama wa makamo, wodi nzima yuko yeye na mwenzake mmoja. Akapita kitanda chetu, akaenda, halafu akarudi. Sijui kilimrudisha nini. Akafunua shuka, akaweka mgongo wa kiganja kwenye shavu la mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi tena wa kulia. "Huu umejaa tangu lini?" Mimi niliyekuwa hapo mchana kutwa sikuwa nimeona chochote. Akamwita daktari. Kulipokucha wakapima, damu imeganda kwenye mshipa. Akaanzishiwa sindano. Daktari alituambia lile donge lingenyofoka likaenda kwenye mapafu, halafu hakumalizia sentensi. Mazoezi yakasimama kidogo, kisha yakaendelea.

Nilipomtafuta yule mama nimshukuru, zamu ilishabadilika.

Kwa hiyo mguu ni mmoja, na waliouokoa ni wawili. Mama mdogo anasema nesi hakosi kazi. Mjomba anasema fiziotherapia ni masaji, nitautia ukoo aibu. Mimi nina kilo 52 na sijui kama naweza kumnyanyua mtu. Walio ndani ya hizi kazi, niambieni ukweli hata kama unauma.

Buza Kwa Kutazama

Kaa na kimeza chako dada. Watu wana digrii zao za afya wanakuja kutoa elfu kumi kwako.

Sista Zamu

Mdogo wangu, marahaba. Huyo wa Buza msamehe, ila hajadanganya sana, na nitalifikia hilo.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na nne huu, nimepita wodi ya wanaume, ya wazazi, ya upasuaji, sasa niko watoto. Nimeisoma hiyo ya tochi ya simu mara mbili. Siku tunaapishwa tulipewa mishumaa tushike gizani, kumkumbuka Florence Nightingale na taa yake kule kwenye vita vya Crimea mwaka 1854. Nilikuwa na miaka 22, nta ikanidondokea mkononi, nikaona ni mbwembwe tu. Miezi mitano baadaye umeme umekatika, jenereta linakohoa bila kuwaka, nami niko katikati ya vitanda na Tecno yangu mdomoni kwa sababu mikono yote miwili inatafuta mshipa wa mtoto. Nikauelewa mshumaa.

Unauliza kilimrudisha nini yule mwenzangu. Nakwambia hata yeye akiulizwa atakwambia "nilihisi tu". Siyo kuhisi. Kwenye ripoti ya kupokezana zamu aliambiwa kitanda hiki nyonga, siku ya nne, umri huu, hajatembea vizuri. Hayo yanakaa kichwani. Ukipita ukaona amelala kaukunja mguu mmoja tu, au mmoja umejaza shuka kuliko mwenzake, kitu kinagonga. Uuguzi mzima ni huo: kujua mgonjwa alivyokuwa saa tatu zilizopita ili uone alivyobadilika sasa. Daktari anapita asubuhi. Wewe ndiye unayeijua saa tisa usiku.

Ubaya wake nao huu hapa. Kila baya la hospitali ni la nesi. Dawa hakuna, nesi. Daktari kachelewa, nesi. Kitanda hakuna, nesi ana roho mbaya. Nimewahi kurekodiwa video na ndugu wa mgonjwa kwa sababu nimekaa, na nilikuwa nimekaa naandika chati ya huyohuyo mgonjwa wake. Miguu itavimba. Sikukuu utazisikia kwa simu. Idd mbili mfululizo nimekula pilau ya kwenye kontena saa sita usiku, imepoa, na nimeifurahia.

Ajira: mama yako mdogo anakumbuka zamani. Siku hizi kuna manesi wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga mkononi na wako nyumbani wanasubiri tangazo. Lakini pima hivi. Muuguzi anahitajika kuanzia zahanati ya kijijini mpaka hospitali ya taifa. Mtu wa fiziotherapia zahanati hayupo, anaanza kuonekana ngazi za juu huko. TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, wakitangaza nafasi, hesabu za wauguzi na za watu wa mazoezi weka pembeni kwa pembeni, utaona mwenyewe. Ila uwe tayari kupangiwa kokote. Mimi nilianzia Tunduru, na Dar nilirudi kwa machozi na barua nne.

Kwenye kunyanyua: nilikuwa na kilo 49 nilipoanza. Sasa nina zaidi, usiulize ngapi. Mgonjwa anageuzwa kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na anageuzwa kwa shuka na watu wawili. Wakiwepo wawili.

Fundi Viungo

Dada, karibu upande wa pili. Nianze na mjomba: mwambie mimi mwaka wa tisa kazini, masaji sijafanya hata ya mke wangu, na analalamika.

Nilisoma diploma Moshi, pale hospitali ya KCMC, ndiyo shule kongwe ya kazi hii hapa nchini. Digrii nikaongeza baadaye. Tarehe 12 Mei manesi wanaandamana na mabango na keki. Siku yetu duniani ni tarehe 8 Septemba, huwa tunapiga picha watu sita nyuma ya jengo, mmoja kafumba macho. Ndivyo tulivyo wachache. Uchache huo una pande mbili. Nafasi za serikali zinatoka kidogo, hapo Sista kasema kweli. Upande mwingine, jiji hili limejaa viharusi, bodaboda na watu wanaokaa kwenye foleni saa tatu kwa siku, migongo yao unaijua. WHO wanahesabu watu bilioni 2.4 duniani wenye hali ambayo tiba ya namna yetu ingewasaidia. Mimi saa tisa na nusu nikitoka kazini nina wagonjwa wawili wa majumbani, mmoja Mbezi Beach, mmoja Kinyerezi, na hao ndio wanaolipa ada ya mwanangu. Nesi mwenye diploma naye anaweza kupata wagonjwa wa nyumbani, lakini kwetu ndiyo sehemu ya kawaida ya maisha.

Huyo kijana wa hatua kumi na nne amefanya kitu ambacho wengi tunakisahau tukichoka. Ukimwambia mgonjwa "kunja goti mara kumi na tano", anakunja kwa ajili yako. Ukimwambia "hii ndiyo inakupeleka chooni bila kushikwa na mkwe", anakunja usiku peke yake.

Sasa ukweli unaouma. Nilimpata kijana wa bodaboda, paja lilivunjika, likawekwa chuma vizuri kabisa. Alikuja mara tatu. Ya nne hakuja. Kutoka Chanika kuja na kurudi, nauli na siku ya kazi imepotea, na jirani kamwambia kuna mzee anachua kwa mafuta ya simba. Akarudi baada ya miezi sita, goti limekauka kama mlango uliopigiliwa. Linakunja nyuzi thelathini, basi. Kupanda pikipiki hawezi. Nikafanya naye kazi miezi minne tukafika sabini, na kwa sabini unakaa kwenye kiti lakini huchuchumai. Sikulala vizuri kipindi kile. Nesi mgonjwa wake yuko kitandani, hakimbii. Wa kwetu anaondoka na mwili wake nyumbani na huna amri naye. Ukiwa mtu wa kutaka kuona matokeo jioni ileile, kazi hii itakukausha.

Na akipona anamshukuru aliyempasua. Zoea.

Fizikia yako D usiione aibu. Ile mada ya nyenzo ya sekondari, egemeo, mzigo, jitihada, ndiyo utakayoila miaka mitatu. Kiwiko ni nyenzo, nyonga ni nyenzo. Kwa nini bibi aliyevunjika upande wa kulia anashika gongo mkono wa kushoto? Ukiweza kunijibu hilo kwa kuchora mistari kwenye karatasi, utafaulu. Kilo 52 si hoja. Mzigo hauubebi, unauhamisha. Wanaoumia mgongo kwa kunyanyua ni manesi, na ninao wanne kwenye daftari langu mwezi huu.

Sista Zamu

Fundi, hao wanne wameumia kwa sababu ulipoitwa wodini kumketisha mgonjwa ulisema utakuja saa nane.

Fundi Viungo

Sista 😂 nilikuja saa nane na robo.

Wakala wa Tandika

Nacheka huku nawahudumia watu, mmoja kanikazia macho anadhani nacheka salio lake.

Fundi, nimechora. Gongo likiwa mkono wa pili linavutana na uzito wa mwili upande ule mwingine, kwa hiyo nyama za nyonga mbovu hazivuti sana. Likiwa upande uleule anauegemea na kuinamia. Nimepata au nimekosa? Nilimwona yule kijana anambadilishia bibi mkono, nikadhani ni kwa sababu bibi anatumia mkono wa kulia kunipiga.

Fundi Viungo

Umepata. Na umepata bila mwalimu. Basi mimi nimeshapiga kura yangu.

Mbeba Boksi

Nawasalimu kutoka Texas. Nimesoma yote, naongeza la huku kwa sababu najua swali la "nje" litakuja tu, kila uzi wa afya lazima lije.

Kama kichwani una ndoto ya Marekani, milango hii miwili hailingani. Uuguzi huku mtu anaweza kuingia kwa chuo cha miaka miwili au digrii ya miaka minne, wote wanafanya mtihani mmoja, NCLEX, wanapata leseni ya jimbo. Nesi wa kutoka nyumbani anaweza kufanyiwa tathmini ya masomo yake na kuukalia mtihani huo. Ni njia ndefu ya makaratasi na Kiingereza, lakini ipo na imekanyagwa. Fiziotherapia huku ni udaktari: unamaliza digrii ya kwanza, halafu miaka mitatu mingine ya DPT, ndipo mtihani wao. Diploma ya nyumbani peke yake haikufikishi. Nina rafiki alikuwa mzuri sana wa viungo Dar, huku akaanza kuwa msaidizi wa kuogesha wazee, mafunzo ya wiki chache tu, na mikono yake ile. Miaka sita sasa. Anasema atarudi shule. Anasema hivyo kila Krismasi.

Manesi wengi hapa wanafanya saa kumi na mbili mara tatu kwa wiki, wanabaki na siku nne. Inasikika tamu. Siku ya kwanza kati ya hizo nne unalala tu.

Lakini dada, wewe hujaitaja Marekani hata mara moja. Umetaja choo cha uani. Sijui kama hesabu za huku zinakuhusu.

Mama Ilham

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo, miguu yote miwili, nyayo zimetazamana. Mama mkwe akasema nilikanyaga kitu nikiwa mjamzito. Tulienda hospitali ya CCBRT, Msasani. Kila wiki plasta inatolewa, mguu unasogezwa kidogo, inafungwa nyingine, wiki hadi wiki, halafu kaukato kadogo nyuma ya kisigino, halafu viatu vyenye chuma katikati: miezi mitatu ya mwanzo saa 23 kwa siku, kisha usiku tu mpaka afikishe miaka minne.

Hiyo saa moja inayobaki ndiyo ya kumwogesha. Nilikuwa naisubiri kama mfungwa anavyosubiri mgeni.

Ninachotaka kusema: kwenye miaka ile mimi nilikuwa nachoka kuliko mtoto. Kuna siku nilivitupa vile viatu uvunguni wiki mbili, nikaenda kliniki nimejiandaa kusemwa. Dada aliyekuwa anatuhudumia akaugusa mguu, akajua palepale. Hakunisema. Akaniuliza usiku nalala saa ngapi na nani ananisaidia. Halafu akanifundisha upya kufunga mikanda, kama vile ni mara ya kwanza, ili niondoke bila kuonekana mkosaji. Ilham sasa ana miaka saba, anaruka kamba mpaka mpangaji wa chini analalamika.

Yule dada simkumbuki kama alikuwa nesi au wa fiziotherapia. Kwenye beji iliandikwa, sikuwahi kusoma.

Chuo Kipo

Mwenye mada, mambo ya karatasi: kwa diploma zote mbili wanataka Baiolojia, Kemia na Fizikia ziwe na D kwenda juu, na jumla ya alama za kufaulu nne bila kuhesabu masomo ya dini. Unazo. Maombi yanapitia NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi, pakua mwongozo wao wa mwaka huu usome mwenyewe, vyuo vinaongezeka na ada zinabadilika. Hakikisha chuo kina usajili kwa kozi hiyohiyo, siyo kozi nyingine. Nina binamu alilipa ada ya muhula kwenye chuo ambacho kozi yake ilikuwa "mbioni kusajiliwa". Iko mbioni mpaka leo. Na kwa uuguzi jua kwamba ukimaliza chuo bado kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Wakala wa Tandika

Narudi na mrejesho, najua huwa tunauliza halafu tunapotea.

Alhamisi nilimrudisha bibi kliniki. Nikamwomba yule kijana wa fulana ya bluu nikae pembeni nitazame, nikamwambia ukweli kwamba nataka kuamua. Akaenda kumuuliza mkuu wake, akaniruhusu mpaka saa sita, nisiguse kitu.

Nimeona mabega matatu mfululizo, na la tatu, nisiwafiche, nilipiga miayo. Wanapandisha mkono ukutani vidole vinatambaa kama buibui, wanaweka alama ya chaki, basi. Nikajiambia Fundi kanionya. Kisha akaingizwa baba mmoja kwa kiti cha magurudumu, kiharusi, upande wa kulia umelala, hasemi. Mkewe amebeba kifuko chenye embe. Kijana akamweka kwenye vyuma viwili sambamba, akamfunga mkanda kiunoni, akapiga goti moja chini mbele yake ili goti bovu la baba liegemee kwake. Wakakaa hivyo muda mrefu sana. Hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua kama nimesimama, nimeshika ukingo wa meza, nasukuma na mguu wangu mwenyewe. Paja langu liliuma mpaka jioni.

Hatua hakupiga. Alihamisha uzito tu, kushoto, kulia, kushoto. Mkewe akasema "leo amekwenda kulia!" Mimi sikuona. Kijana akasema ni kweli, amekwenda.

Nilipotoka nilipita mlango wa wodi yetu ya zamani. Nilimwona yule mama wa tochi, mchana sasa, anapanga vidonge kwenye vikombe vidogo. Nikamwambia mimi ni wa kitanda cha dirishani, nyonga, mguu uliojaa. Akafikiri. Akasema, "Huyo wa matusi ya Kirufiji?" Nikamshukuru kwa kumshika mikono miwili. Akaniuliza bibi anatembea hatua ngapi, nikamwambia mpaka kwa jirani, kugombana. Sista Zamu, zile salamu zote nilizotaka kumpa tangu mwezi wa pili zimefika, na nilipomaliza nikagundua nilichokuwa nadaiwa kwenye uuguzi ni hicho tu. Asante. Sikuwa nautaka uuguzi, nilikuwa nataka kumwona yeye.

Dirisha la maombi likifunguliwa najaza fiziotherapia chaguo la kwanza, Moshi. Uuguzi nitauweka chaguo la pili, mama mdogo apate cha kusema. Akiba inatosha mwaka wa kwanza kwa kubana, wa pili kimeza kitanisaidia. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, atalala na bibi, na wakala wa zamu ya mchana nimeshampata, binti wa mama lishe.

Nilimwambia bibi jana usiku. Nilitegemea kilio. Akauliza huko Moshi nitakuwa nawasimamisha wazee wa watu kwa nguvu kama yule polisi wake? Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akaniambia nilete lile begi la juu ya kabati, ametoa blanketi lake la Korea lile la chui, anasema kule kuna baridi ya kuua.

Fundi, swali la mwisho: blanketi moja Moshi linatosha?

Fundi Viungo

Miezi mingine yote likitosha, Juni na Julai halitoshi. Beba mawili na soksi. La chui liweke juu, watu wa bweni walione.